Mvua ya Uporoto na samaki wa Rufiji: kuuelewa uvuvi wa kaskazi katika maji ya chumvi

Ifikapo Januari, sisi tunaoishi Mbeya, Njombe na Iringa huwa katikati ya mvua. Mahindi yanapaliliwa, barabara za Rungwe na Makete zina utelezi, na Mto Ruaha Mkuu, ambao Novemba ulikuwa madimbwi yaliyotengana ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, umeanza tena kutiririka. Wakati huohuo, mbali upande wa mashariki, upepo wa kaskazi unavuma juu ya bahari iliyo vuguvugu, na wavuvi wa Kibiti, Mafia na Kilwa wamo katika msimu wenye shughuli nyingi. Wenzetu wengi wanaoshuka pwani Desemba, shule zinapofungwa, huuona uvuvi huo kuwa jambo la bahari peke yake, lisilohusiana kwa vyovyote na mawingu waliyoyaacha nyumbani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uvuvi wa maji ya chumvi katika hori, mikoko na fukwe za delta ya Rufiji huongozwa na mwezi, upepo na maji ya mto kwa pamoja, na kwamba hayo maji ya mto, ambayo ndiyo yanayozungumzwa kidogo kuliko yote, kwa sehemu kubwa huanzia kwetu.

Bonde la Mto Rufiji lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Ruaha Mkuu hukusanya maji ya milima ya Kipengere na Uporoto kupitia mito kama Chimala, Kimani na Mbarali, huyatandaza katika bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu, kisha hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, bwawa la Mtera na bwawa la Kidatu. Kilombero hulishwa na Ruhudji na Mnyera, mito inayoteremka kutoka Njombe na Mufindi, pamoja na Kihansi na vijito vingi vya safu ya Udzungwa. Luwegu huja kutoka kusini, upande wa Ruvuma. Mito hiyo mitatu hukutana kabla Rufiji haujaingia katika tambarare ya Utete, na huko mwishoni mto hugawanyika katika matawi mengi yanayomwaga maji katika Bahari ya Hindi, mkabala na Kisiwa cha Mafia.

Delta hiyo ina mikoko inayofunika hekta zipatazo 50,000, na hakuna msitu mwingine wa mikoko wa mlangoni mwa mto ulio mkubwa kama huo katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndani yake mna mazingira ya aina nyingi yaliyopakana: hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu katikati ya mikoko, mabwawa ya maji ya chumvi yasiyo na kina, yaliyotulia nyuma ya mafungu ya mchanga, fukwe za mchanga na tope, na mbele zaidi, kuelekea Mafia, nyasi bahari na miamba ya matumbawe. Samaki mmoja huweza kuyapitia mazingira hayo yote katika maisha yake, na wengine huvuka kutoka moja kwenda jingine mara mbili kwa siku moja.

Mwezi na maji

Mtu aliyejifunza kuvua Matema au Itungi ana jambo la kwanza la kujifunza upya. Ziwa Nyasa hupanda na kushuka takriban mita moja kwa mwaka kufuata mvua, lakini ndani ya siku moja maji yake hubaki palepale ufukweni, isipokuwa upepo uyasukume. Bahari haifanyi hivyo. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi siku moja kidogo, na kila siku saa za kujaa huchelewa kwa dakika zipatazo 50 kuliko siku iliyotangulia. Siku chache zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita tatu. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hushuka hadi takriban mita moja.

Mita tatu za kimo hazionekani kuwa kitu kikubwa mpaka ziwekwe juu ya ardhi iliyo karibu kuwa tambarare. Katika fukwe za tope za Rufiji na katika maeneo ya nyasi bahari ya Mafia, kupwa kwa bamvua hufichua ardhi kwa mamia ya mita, penginepo zaidi ya kilomita, na kujaa kwake huingiza bahari ndani kabisa ya msitu wa mikoko, hadi kwenye mizizi ya miti ambayo wiki moja kabla ilikuwa pakavu. Kwa samaki, huko ni kufunguliwa mlango wa ghala. Mkizi, chaa, tasi na kamba wachanga huingia pamoja na maji kwenda kula katika tope na kwenye mizizi. Kolekole na mzia huwafuata kwa ajili ya kuwala wao. Maji yanapoanza kurudi, wote hulazimika kupitia njia zilezile chache, yaani vijito na midomo ya hori, na hapo ndipo mvuvi wa pwani hufanya kazi yake.

Zana za pwani zimebuniwa kufuata mwendo huo. Uzio wa fito hujengwa mahali ambapo maji yatapungua, ili samaki walioingia na maji kujaa wazuiwe wakati wa kurudi. Wavu hutandwa katika mdomo wa hori maji yakiwa yamesimama, kabla hayajaanza kukimbia. Dema, yaani mtego wa kusukwa, huzamishwa kando ya nyasi bahari na huachwa hapo, kwa sababu samaki huingia wenyewe wakitafuta chakula na kivuli. Mvuvi wa mshipi naye, mwenye ndoana, chubwi na chambo cha kamba au cha kipande cha ngisi, hukaa karibu na mkondo na kungoja nusu ya kwanza ya maji kupwa. Msemo usemao hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi umetoka katika kazi hii: mkizi akizungushiwa wavu katika maji madogo huruka juu, na wengi huangukia ndani ya chombo.

Jambo linalowachanganya wageni ni kwamba katika mahali fulani bamvua huja na saa zake maalumu. Katika pwani yetu ya kati, maji ya bamvua hujaa kabisa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Maji mafu hugeuza mpangilio huo: maji hupwa karibu na saa kumi na hujaa karibu na saa nne au saa tano. Ndiyo maana wanawake wanaotembea juu ya mwamba kutafuta pweza hufanya hivyo asubuhi ya siku za bamvua, wakati mwamba umebaki wazi na jua limekwisha kupanda, na hawaendi siku za maji mafu. Anayeujua umri wa mwezi anaijua pia saa ya kazi, bila kuhitaji jedwali lolote.

Bamvua mbili za mwezi mmoja, hata hivyo, hazifanani. Bamvua ya mwezi mwandamo huja na giza, na ile ya mwezi mpevu huja na mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa na vibua wanaotumia taa huhitaji giza, kwa sababu taa yao haivutii samaki chini ya mwezi mkubwa. Katika hili hawatofautiani na wavuvi wa usipa, samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, wa Kyela, ambao nao hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Tofauti ni kwamba mvuvi wa usipa akipata giza amepata yote aliyoyahitaji, ilhali mvuvi wa pwani akipata giza la mwezi mwandamo hulipata pamoja na mikondo yenye nguvu kuliko yote ya mwezi. Hulazimika basi kuchagua saa ambazo maji yamesimama, na kuvua kwa haraka kabla mkondo haujaanza kuvuta nyavu.

Usalama nao huamuliwa na mpangilio huohuo, na ninaomba hili lisomwe kwa makini na kila anayepanga kwenda na watoto. Maji yanapojaa katika ardhi tambarare hayaji mbele kwa mstari mmoja. Hupita kwanza katika vijito vilivyo nyuma ya mtu, hivi kwamba aliyetembea mita mia tano kufuata kaa au chaza anaweza kuona ardhi anayosimama bado ni kavu wakati njia ya kurudia imekwisha kuwa na kina cha kiuno. Ndani zaidi ya delta, mahali maji ya mto yanapotawala, kuna viboko na mamba, na huko hakuna sababu ya kuingia majini bila mwenyeji.

Upepo na joto

Kaskazi huvuma kuanzia mnamo Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia Aprili hadi mnamo Septemba. Kati ya pepo hizo huja siku tulivu za matlai. Kusi ni upepo mkali, na miezi ya Juni hadi Agosti bahari ya nje huwa na mawimbi yanayozuia vyombo vidogo, hivyo wavuvi wengi wenye mitumbwi na ngalawa hubaki katika maji yaliyokingwa na mwamba au na mikoko. Kaskazi ni mpole zaidi, na mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini kando ya pwani yetu hupungua nguvu kwa sababu upepo unaupinga. Hapo wenye vyombo hutoka nje ya mwamba kumfuata nguru na jodari. Pia ndio wakati ambapo papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiye na madhara kwa watu, huonekana karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia, kuanzia Oktoba hadi Machi, akichuja viumbe wadogo wanaoelea katika maji ya ghuba.

Matokeo yake ni kwamba msimu wa joto huwagawa wavuvi. Wenye vyombo huenda nje, na maji ya ndani huachiwa zaidi wasio na vyombo: wanaotembea kwa miguu, wanaotega kaa koko katika mashimo ya mikokoni, wanaovua kwa mshipi ufukweni, na wanaotanda nyavu fupi katika hori. Hawa ndio wanaoathiriwa zaidi na joto la maji, na kwa maoni yangu ndio wanaopuuzwa zaidi uvuvi wa pwani unapoandikwa, kwa sababu samaki wao huliwa nyumbani au huuzwa kwa fungu kijijini bila kufika kwenye mnada.

Joto la maji ya bahari katika pwani yetu huwa karibu nyuzi 25 za Selsiasi mnamo Agosti na hufikia nyuzi 29 au 30 mnamo Machi. Katika hori lisilo na kina, jua la mchana huweza kupandisha joto hilo zaidi. Maji ya moto hubeba oksijeni pungufu: maji ya bahari yenye nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 7.4 za oksijeni katika kila lita, na yakifika nyuzi 30 kiasi hicho hushuka hadi takriban miligramu 6.2. Wakati huohuo mwili wa samaki, ambao joto lake hufuata la maji, hufanya kazi kwa kasi zaidi na huhitaji oksijeni nyingi zaidi. Samaki basi anahitaji zaidi mahali ambapo kuna pungufu, na jibu lake ni kuhama: huacha maji madogo yaliyopigwa na jua, huingia kwenye mkondo wenye kina, au hujibanza chini ya kivuli cha mkoko na mchu, aina nyingine ya mti wa mikokoni.

Hapa ndipo ushauri unaosikika mara nyingi, kwamba wakati wa joto mtu avue alfajiri, unapohitaji kufafanuliwa. Ni kweli kwamba alfajiri maji huwa yamepoa. Lakini nyasi bahari na mwani, ambavyo mchana hutoa oksijeni, usiku huitumia kama viumbe wengine wote, hivyo katika bwawa lililotulia oksijeni huwa chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Kinachoondoa upungufu huo ni maji mapya kutoka baharini. Kwa hiyo alfajiri ya maji mafu na alfajiri ya bamvua ni nyakati mbili tofauti. Katika maji mafu, maji huanza kujaa mnamo saa kumi na moja, na mvuvi hupata saa kadhaa za maji mapya ya baridi yanayoingia taratibu, wakati mzuri wa kuvua ufukweni na pembezoni mwa nyasi bahari. Katika bamvua, maji ya saa kumi na mbili yanatoka, na samaki waliolala wakila ndani ya mikoko wanarudi kupitia mdomo wa hori. Huo ni wakati wa kukaa mkondoni. Anayekaa ufukweni alfajiri ya bamvua, akiyatazama maji yakimkimbia, amefuata nusu ya ushauri.

Joto likizidi mpaka, kuhama hakusaidii tena. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi magharibi yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Mafia yalipauka na kufa, na samaki wanaotegemea matumbawe walipoteza makazi. Maeneo ya mikoko na tope yalistahimili vizuri zaidi, kwani viumbe wake wamezoea joto na chumvi vinavyobadilika kila siku.

Maji ya mto

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Maji ya bahari yana chumvi ya takriban gramu 35 katika kila kilo. Katika delta kiwango hicho hubadilika mwaka mzima. Mnamo Novemba na Desemba, Rufiji ukiwa umepungua, bahari husukuma chumvi mbali ndani ya matawi ya mto, na katika baadhi ya hori zilizofungika jua hukausha maji hadi yakawa na chumvi nyingi kuliko bahari yenyewe. Mvua za nyanda za juu huanza Novemba au Desemba, lakini hazifiki pwani mara moja. Usangu na Ihefu huyashika maji na kuyaachilia polepole, Mtera huyahifadhi kwa ajili ya umeme, na bonde la Kilombero hufurika kwanza lenyewe kabla ya kuyapeleka mbele. Mafuriko ya Rufiji kwa kawaida hufikia kilele kati ya Machi na Mei, wakati kaskazi inapokwisha na kusi inapoanza. Maji tunayoyaona yakipita chini ya madaraja ya Chimala na Igawa wakati wa Krismasi ni sehemu ya mafuriko ambayo delta itayapokea baadaye sana.

Anayefaidika zaidi na maji hayo ni kamba. Kamba mkubwa hutaga mayai baharini, na watoto wake huelea kwa wiki mbili hadi tatu wakibadilika umbo mara kadhaa. Kisha hupanda maji kujaa, huingia katika delta, na hujificha kwenye mizizi ya mikoko, mahali penye maji yenye chumvi kidogo na chakula kingi. Hukaa huko miezi michache hadi wapate ukubwa wa kutosha, ndipo hurudi baharini. Mafuriko huwasaidia kwa namna kadhaa kwa wakati mmoja: huleta rutuba inayolisha viumbe wadogo wanaoliwa na kamba, huyatia maji tope linalowaficha wasionwe na samaki wawindaji, hupanua eneo lenye chumvi hafifu ambalo samaki wengi wa baharini hawaliwezi, na hatimaye huwasukuma kamba waliokua watoke kwenda nje, ambako nyavu zinawangoja. Mwatiko na mkizi, ambao huvumilia maji ya chumvi na maji baridi sawia, hunufaika pia. Samaki wa matumbawe kwa upande wao huyakimbia maji hayo, na mvuvi anayewategemea hulazimika kusogea kuelekea Mafia.

Uhusiano huu kati ya mto na kamba umechunguzwa kwa kina zaidi kwa majirani zetu wa Msumbiji, katika maji ya Sofala mbele ya mlango wa Zambezi. Baada ya bwawa la Cahora Bassa kujazwa kuanzia mwishoni mwa 1974, mafuriko ya Zambezi yalipungua na maji yakaanza kugawanywa karibu sawa mwaka mzima, na watafiti walionyesha kwamba kiasi cha kamba wanaovuliwa huko huendana na wingi wa maji ya mto wakati wa mvua. Hilo linatuhusu kuliko inavyodhaniwa. Mvua inayonyesha juu ya Rungwe na upande wa kusini wa Uporoto haielekei Rufiji. Hushuka kwa Kiwira, Mbaka na Lufilyo hadi Ziwa Nyasa, hutoka ziwani kwa Mto Shire, na Shire huungana na Zambezi chini ya Cahora Bassa. Mvua inayoangukia upande wa Chunya huenda Ziwa Rukwa, ambalo halina njia ya kutokea, na kukauka huko. Mawingu yaleyale ya Mbeya, kutegemea yameangukia mteremko upi, huwalisha kamba wa Rufiji, au kamba wa Sofala, au huishia katika magadi ya Rukwa.

Kutokana na hayo, ni rahisi kudai kwamba uvuvi wa delta unaharibiwa na kilimo cha mpunga cha Usangu, na nimewahi kusikia dai hilo likisemwa kwa uhakika mkubwa. Linahitaji kupimwa. Ni kweli kwamba tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi kila mwaka wakati wa kiangazi, na kwamba umwagiliaji, mifugo na mifereji inayotoa maji hata baada ya mavuno vina sehemu kubwa katika jambo hilo. Madhara yake kwa wanyama wa Ruaha, kwa samaki wa Ihefu na kwa umeme wa Mtera na Kidatu ni makubwa. Lakini Ruaha Mkuu, ingawa bonde lake ni karibu nusu ya eneo lote la bonde la Rufiji, huchangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji, kwa kuwa sehemu kubwa ya bonde hilo ni kavu. Luwegu huchangia takriban asilimia 18, na Kilombero takriban 62. Anayejali kamba na mikoko ya Rufiji anapaswa basi kuitazama kwanza misitu na vyanzo vya maji vya Njombe, Mufindi na Udzungwa, kisha Usangu.

Jambo jipya lililoingia katika mpangilio huu ni Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye korongo ambalo maji ya mito yote mitatu hupitia. Lilianza kujazwa Desemba 2022, lilianza kuzalisha umeme mwanzoni mwa 2024, na mitambo yake yote kwa pamoja ina uwezo wa megawati 2,115. Umeme huo unahitajika, na sisi wa nyanda za juu tunautumia. Bwawa lolote, hata hivyo, hufanya mambo mawili kwa mto: hushika tope, na husawazisha mwendo wa maji. Delta imejengwa kwa tope, na ikikosa tope jipya mawimbi ya kusi huanza kula kingo zake, mikoko ikiwemo. Kusawazishwa kwa maji kuna pande mbili. Miezi ya Oktoba na Novemba delta huweza kupata maji mengi kuliko zamani, na chumvi isipande mbali kama ilivyokuwa, jambo ambalo wakulima wa mpunga wa delta wataliona kuwa neema. Lakini miezi ya Machi na Aprili kilele cha mafuriko hushuka, na kilele hicho ndicho kinachomfungulia kamba njia. Aprili 2024, katika mvua kubwa za El Niño, mafuriko yaliyafikia makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti ingawa bwawa lilikuwapo, kwa hiyo mto haujafungwa kabisa. Kinachoamuliwa sasa na watu, ambacho zamani kiliamuliwa na mvua peke yake, ni ratiba ya kufungulia maji. Katika majadiliano ya ratiba hiyo, mvuvi wa hori anastahili kiti sawa na cha mhandisi.

Sheria zinahusika pia, nami nitazitaja kwa ufupi. Kufikia 2008 serikali ilikuwa imezisimamisha meli za kukokota kamba baada ya mavuno kushuka, na zuio hilo lilidumu kwa miaka kadhaa. Baruti na makokoro ya kukokotwa ufukweni ni marufuku, kwa kuwa vyote viwili huua samaki wachanga ambao delta imetumia miezi kuwalea, na kokoro pia hung'oa nyasi bahari. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ina maeneo yasiyoruhusiwa kuvuliwa kabisa. Majarife, nyavu zenye matundu makubwa, huhitaji uangalifu wa pekee katika maji kati ya Rufiji na Mafia, kwa sababu ni humo walimobaki nguva wachache wa nchi yetu, na nguva akinaswa chini ya maji hufa kwa kukosa hewa. Mgeni yeyote huanza kwa kuonana na kamati ya ufukwe ya kijiji na ofisi ya uvuvi ya wilaya, ambao watamweleza leseni inayohitajika na kipindi ambacho kamba hawaruhusiwi kuvuliwa.

Kwa anayeshuka kutoka Mbeya au Iringa, basi, tarehe ya safari huamua samaki atakaowakuta. Desemba na Januari, maji yakiwa na chumvi na bahari ikiwa tulivu, atapata kolekole na mzia katika midomo ya hori, tasi katika nyasi bahari, na nguru akipata chombo cha kwenda nje. Achague siku za maji mafu kama anavua ufukweni asubuhi, na za bamvua kama anavua mkondoni. Akisubiri hadi mwishoni mwa Machi atakuta maji ya kahawia, kamba sokoni Nyamisati, na barabara mbaya. Kwa vyovyote anunue barafu kabla hajanunua samaki, kwa maana katika joto la nyuzi 30 samaki asiyepoozwa huanza kuharibika ndani ya saa chache, na safari ya kurudi Mbeya kwa barabara kuu kutoka Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 800. Asiyepata barafu afanye wafanyavyo wenyeji: amkaange siku hiyohiyo, au ampasue, amtie chumvi na kumwanika awe ng'onda.